Mipangilio ikae wapi: kwenye faili au kwenye seva?

Programu inayopokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, ina nyumba mbili. Kwenye majaribio inazungumza na sandbox.safaricom.co.ke kwa namba ya biashara 174379. Ikienda laivu inahamia api.safaricom.co.ke, kwa namba halisi ya mwenye duka. Msimbo ni uleule, kinachobadilika ni mipangilio. Ubishi ni wapi pa kuiweka.

Mwaka 2011 Adam Wiggins wa Heroku, jukwaa la kuendeshea programu za wavuti, alitoa kanuni 12 za kujenga programu za wavuti. Ya tatu inataka mipangilio itoke kwenye msimbo, ikae kwenye vigeu vya mazingira vya seva, yaani thamani zenye majina ambazo seva huipa programu inapowaka. Kipimo chake nakipenda: je, unaweza kuuanika msimbo wako hadharani leo bila kuvujisha ufunguo hata mmoja? Uber ilionja machungu yake 2016, wadukuzi walipokuta funguo za hifadhi yake ya data kwenye seva za Amazon ndani ya msimbo wake wa faragha wakachukua data za watumiaji milioni 57. Na Git, zana inayotunza kila toleo la msimbo, haisahau: ukifuta faili leo, nywila ya juzi bado imo kwenye historia.

Ila vigeu navyo vina tabu zake. Kila thamani hufika ikiwa maandishi tu. Kwenye Python, bool("False") hujibu True, kwa kuwa maandishi yasiyo matupu huhesabiwa kweli. Unaamini umezima DEBUG, hali ya kusaka makosa, kumbe wateja wanaonyeshwa makosa ya ndani ya programu. Tena kigeu kikibadilishwa kwenye seva usiku wa manane, mara nyingi hujui nani kakigusa wala kwa nini. Lakini faili ya kila mazingira (majaribio au laivu), mfano application-prod.yml ya Spring, mfumo wa kujengea programu za Java, mwenzako huipitia kabla haijapanda kwenye seva.

Mimi nagawa: siri zikae nje, anwani na mengine yabaki kwenye faili ndani ya Git. Muhimu zaidi, programu ikague mipangilio inapowaka. Ikikosa hata mpangilio mmoja, igome kuwaka.

Hili tulilijua kwa uchungu. Tulikuwa tumeweka anwani ya majaribio iwe ya akiba, itumike ile ya laivu isipopatikana. Jina la kigeu chenye anwani ya laivu likakosewa herufi moja, programu ikawaka bila neno, na kwa kuwa funguo za laivu hazitambuliki upande wa majaribio, kila ombi likakataliwa. Asubuhi nzima wateja wanabonyeza "Lipa", simu haiombi PIN. Ingegoma kuwaka, tungelirekebisha usiku uleule, duka halijafunguliwa.