Dola Arobaini Nilizookoa

Mzigo ulifika Alhamisi jioni, mke wangu akaupokea mlangoni. Boksi lenyewe dogo, ungesema la viatu, lakini alipotaka kuliinua likagoma. Kilo kumi na mbili hivi. Akajua mchele wa Kyela tulioahidiwa tangu Idi hatimaye umefika. Nilipomwambia ni risasi, akalisukuma kwa mguu hadi pembeni, akaniuliza: "Elfu nzima, baba watoto? Unakwenda kupigana na nani?"

Nilikuwa nakwenda kupigana na karatasi. Hapa Houston nina bastola moja ya milimita 9, ninayo kihalali, na karatasi za shabaha zilikuwa zimenishinda kwa miezi minane. Nikafanya uchunguzi wangu. Bastola nzima, mpigaji mzima, basi mwenye makosa ni risasi. Nilikuwa nikinunua hamsini hamsini, leo aina hii, kesho ile, mkono utazoea lini? Dawa ni kununua nyingi za aina moja, na kwa kuwa mimi ni mtu wa mahesabu, ziwe za bei ya chini kuliko zote. Elfu moja za ganda la kijivu, yaani la chuma, zilikuwa dola 205 mpaka mlangoni. Elfu moja za ganda la shaba ya manjano, dola 245. Nikafungua daftari, nikaandika: AKIBA, DOLA 40. Nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Tena niseme hapo nilikuwa nimeshaponea chupuchupu. Bei ya chini kabisa niliyoiona usiku ule ilikuwa ya "9 mm Makarov", na kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kulipa. Milimita 9 si milimita 9? Wapi! Yangu ni 9x19 (namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita), ile ya Kijerumani ya Georg Luger, inayouzwa kwa majina ya Luger au Parabellum. Makarov ni 9x18, ya Kisovyeti, na kichwa chake, kile kipande kinachoruka, ni kinene zaidi: karibu milimita 9.27, wakati changu ni 9.01. Kuna na 9x17, ambayo Wamarekani huiita .380 na Wazungu wa Ulaya huiita "9 fupi". Zote tatu zinajiita tisa, na hakuna hata moja inayokaa vizuri katika nyumba ya mwenzake. Dawa yake haitaki elimu: soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, kisha soma boksi, na yataje aina ileile. Nilisoma. Ndiyo akili pekee niliyoitumia wiki ile.

Jumamosi nikaenda na shemeji, kaka wa mke wangu, kwenye uwanja wa shabaha wa ndani. Mlangoni kuna mzee mmoja, kalamu sikioni, na shingoni kaning'iniza sumaku kwa kamba ya kiatu. Nikamwekea boksi langu mezani kwa heshima zote. Akachomoa risasi moja, akaisogezea sumaku kwenye ganda. Tak! Akaigeuza, akagusa kichwa. Tak! Akainua mkono, risasi yangu ikabaki inaning'inia kama kibua kwenye ndoana. Akaitikisa, haikudondoka. Foleni nzima nyuma yangu ikaona.

"Hizi hapana," akasema.

Nikamwonyesha rangi ya kichwa, shaba tupu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanisomesha pale pale kaunta. Kichwa cha risasi ya mazoezi kwa kawaida ni risasi kweli, yaani yale madini laini, kimevikwa koti la shaba nyekundu. Vyote viwili sumaku haviitaki. Changu koti lake lilikuwa la chuma, kisha likapakwa shaba juu juu kama mkufu wa mnadani. Chuma kikigonga mabamba ya chuma ya nyuma ya uwanja hutoa cheche, na sakafuni pana punje za baruti ambazo hazikuungua. Moto huanza hivyo. Mabamba nayo huchimbika. Ganda nalo lina kesi yake: uwanja hufagia maganda ya shaba na kuyauza, ya kijivu yakichanganyika humo ni kazi ya kuchambua mchele na chuya.

Kwa hiyo mtu akikuambia risasi zake "zinafaa kwa mazoezi", muulize mazoezi ya wapi. Na kabla ya kununua boksi kubwa, piga simu uwanjani uliza mambo mawili: ganda la chuma linaruhusiwa? Kichwa kinachoshika sumaku kinaruhusiwa? Simu hiyo ni bure. Mimi sikuipiga, nikanunua boksi mbili za hamsini palepale kaunta, dola 19 kila moja. Shemeji aliomba daftari. Arobaini kutoa thelathini na nane. Akaandika: AKIBA, DOLA 2. Hakupiga mstari.

Wiki iliyofuata tukaamua kwenda uwanja wa nje, wa udongo, ambako chuma hakina kesi na mtu. Shemeji, ambaye amepiga shabaha miaka mingi na ana dharau za kimya kimya, akasema kama kweli ninalaumu risasi, basi tuziweke mahakamani. Nikanunua na mashahidi, boksi moja moja ya ganda la shaba: ya greni 115, ya 124 na ya 147. Greni ni kipimo cha kale, 7,000 hufanya ratili moja. Kwa gramu, vichwa hivyo ni kama 7.5, 8 na 9.5. Mashahidi wakagharimu dola 48, petroli 14, kiingilio cha wawili 20. Daftari likageuka upande. Nilikuwa naidai akiba yangu dola 80.

Kipimo cha shemeji kiko hivi, na sijaona cha haki zaidi. Karatasi iwe yadi 25, karibu mita 23, kwa sababu kwenye yadi 7 hata risasi mbovu hupendeza. Mikono iegemee mfuko wa mchanga. Kila aina risasi kumi, si tatu, maana matundu matatu yanaweza kuja pamoja kwa bahati kama wageni wa futari. Karatasi mpya kwa kila aina. Kisha pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lililo mbali nalo zaidi, na usijifanye hukuliona lile lililotoroka.

Akaanza yeye na za kijivu. Kumi zake zikaenea sentimita 11. Za shaba za 115, sentimita 8 na nusu. Za 124 na za 147, zote kama 7, ila za 147 zilipiga juu kidogo, kwa sababu kichwa kizito huenda taratibu, na bastola inakuwa imeshaanza kuinuka kabla hakijatoka mtutuni. Akazitaja faida zake: ya 147 ya kawaida haifikii mwendo wa sauti, hivyo haina ule mlio mkali wa ngurumo ndogo inapokata hewa. Lakini ni ghali. Kwa bastola hii, akasema, nunua 124. Bastola ya mtu mwingine inaweza kupenda 115, kila moja ina ulimi wake, ndiyo maana unanunua boksi moja ya kuonja kabla ya elfu.

Nikashangilia. Kumbe risasi kweli zilikuwa mbaya! Sentimita 11 na 7, mchana na usiku!

"Sasa piga wewe, shemeji," akasema.

Nikapiga za kijivu: sentimita 34. Nikapiga za 115: 31. Za 124, bingwa wa siku: 33. Za 147 zilitia matundu tisa, la kumi tukalitafuta hadi kwenye fremu ya mbao, likawa huko.

Shemeji hakucheka. Akachukua kijiti akachora mchangani. Kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele cha bastola yangu ni kama sentimita 16 na nusu. Kilengeo cha mbele kikisogea milimita moja, ile milimita inakua njiani, na kwenye mita 23 imeshakuwa sentimita 14. Tofauti ya risasi mbaya na nzuri ilikuwa sentimita 4. Mimi peke yangu nilikuwa naleta zaidi ya 20. Hata ningepigia risasi za dhahabu.

Niligoma kukubali, na nilikuwa na ushahidi. Mapema asubuhi bastola ilikwama mara mbili na za kijivu, ganda limesimama kwenye tundu la kutokea kama bomba la moshi la tanuri ya mkate. "Hilo je?" Akanijibu, na hapa alinipa nusu haki. Ganda la shaba hutanuka baruti ikiungua, likaziba chemba, kile chumba inamokaa risasi, vizuri, kisha hunywea na kutoka kwa urahisi. La chuma hutanuka shingo upande na kunywea kidogo, kwa hiyo masizi hurudi nyuma na bastola huchafuka upesi. Tena za bei ya chini zingine zimetiwa baruti ya kubania, na springi ya bastola bado mpya haitaki kubembelezwa. Hiyo ndiyo nusu yangu. Nusu yake: mkono wangu ulikuwa umelegea kiwiko na kifundo, bastola ikirudi nyuma nilirudi nayo, na sleidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, inahitaji kitu cha kusukumana nacho. Yeye alipiga kumi za kijivu bila kukwama.

Kisha akaniambia nigeuke niangalie ng'ombe wa jirani, naye anijazie magazini.

Nikalenga. Nikavuta. Tk.

Sasa hapa ndipo elimu iliponiumbua. Mimi najua sheria: ukivuta ikagoma, usiitazame, usiifungue. Mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu hadi 30, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Na ikitoa mlio hafifu wa "pufu", ndiyo kabisa: acha, toa magazini, toa risasi, hakikisha mtutu hauna kichwa kilichokwama, kwa sababu ukipiga nyingine juu yake mtutu unapasuka. Nikasimama wima kama naimbiwa wimbo wa taifa. Moja, mbili, tatu... Kufikia kumi na tano nikasikia nyuma yangu mtu anapumua vibaya. Kufikia ishirini na tano shemeji alikuwa ameng'ata kofia yake. Thelathini. Nikavuta sleidi. Ikaruka risasi ya plastiki, rangi ya chungwa, bandia, ya kufundishia.

"Endelea," akasema kwa machozi. "Zimo nyingine, sikwambii wapi."

Kumbe zilikuwa tano kati ya kumi. Kila iliyokuwa bandia, bastola haikuwa na sababu yoyote ya kutikisika, lakini mdomo wake uliinama kwa nguvu, kama kuku anayedonoa mtama. Mara nne kati ya tano! Nilikuwa naisukuma chini kabla haijalia, kwa hofu ya kishindo chake, na macho nimefumba. Miezi minane nilikuwa nikipiga nyasi na kuzilaumu risasi.

Tiba aliyoniandikia haina bei. Nyumbani, risasi zote ziwe chumba kingine, zimefungiwa. Kagua chemba mara tatu, kwa jicho na kwa kidole. Elekeza ukuta usio na mtu nyuma yake, weka sarafu ya senti 25 juu ya kilengeo cha mbele, vuta taratibu. Sarafu ikidondoka, umeshtuka. Siku ya kwanza yangu ilidondoka mara kumi na tisa kati ya ishirini, na ile ya ishirini sikuwa nimevuta sawasawa. Kwa anayetaka mlio bila kufilisika, alisema kuna bastola ya .22, risasi zake ni nafuu na kishindo chake hakimtishi mtoto. Nikamwambia tusizungumze manunuzi tena. Tukanawa mikono kwa sabuni na maji baridi, maana madini ya risasi hubaki vidoleni, ndipo tukagusa sambusa.

Zile za kijivu nitazimaliza hukohuko kwenye udongo, zimebaki 900 na ushei. Siku hizi kwa kweli hazina unafuu ule uliosifika zamani. Tangu Septemba 2021 Marekani iliacha kutoa vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, na nyingi za ganda la chuma zilitoka huko.

Tuliporudi nyumbani simu ya mke wangu ilikuwa inalia mfululizo. Shemeji alikuwa ameshanirekodi na kuitupa video kwenye kundi la familia, ile ya thelathini na ile ya kudonoa mtama. Dar walicheka, Tanga wakacheka, binamu mmoja aliye Muscat akaomba irudiwe taratibu. Mwisho akaingia mama mkwe kwa ujumbe wa sauti, sauti imejaa huruma:

"Baba, pole sana na mafua. Nimekuona unavyopiga chafya. Chemsha tangawizi na mchaichai, tia ndimu, unywe ikiwa moto. Na hicho cheusi ulichoshika weka chini kwanza, upenge."