Korongo taji hana pa kuhamia

Maji yakikupwa kwenye hori ya Tudor hapa Mombasa, ndege aitwaye sululu hushuka kwenye tope kando ya mikoko. Huuzamisha ule mdomo wake uliopinda ndani ya shimo la kaa, akimtoa humtikisa mpaka miguu ikatike, kisha humeza kilichobaki. Ndege huyu huzaliwa mbali kaskazini, huko Urusi, na baridi ikikaribia huja kwetu.

Nadhani tumezoea mno ndege wa kuja na kuondoka. Ukisema kinamasi fulani cha bara kimekaushwa kiwe shamba, utajibiwa: ndege ana mabawa, atakwenda kwengine. Kwa korongo taji, jibu hilo si kweli.

Wapo korongo wasafiri, tena hodari: wengine huvuka milima ya Himalaya kutoka Mongolia hadi India. Huyu wetu mwenye shungi la dhahabu, aliye kwenye bendera ya Uganda, huzunguka karibu tu akifuata mvua na chakula. Mchana huokota nafaka na wadudu mashambani, usiku hulala juu ya mti. Lakini kutaga kwake ni kinamasini. Dume na jike hukanyaga matete mpaka yalale yawe jukwaa katikati ya maji, na hapo huwekwa mayai mawili au matatu. Yakiondolewa maji, mbwa hufika kwa miguu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba korongo huishi miaka mingi. Wazee wataendelea kuonekana shambani na watu watasema wapo tele, kumbe vifaranga hakuna. Tangu 2012, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kati ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Na sisi Mombasa tumo. Viazi na kabichi tunazonunua soko la Kongowea hutoka bara, na Nyandarua, kwenye mashamba ya viazi, ndiko liliko ziwa Ol Bolossat, makao ya korongo hawa. Sisemi tusile viazi. Mkulima naye ana watoto wa kulisha. Nasema mipaka ya vinamasi iwekwe wazi na isimamiwe, na mkulima anayeacha ukingo wa matete alipwe kwa hilo.

Kuna jingine lililo mikononi mwetu kabisa: korongo wa mapambo. Huchukuliwa kinamasini wakiwa vifaranga, wakauzwa wakapambe bustani za wenye nafasi. Ukiuziwa, usinunue, na habari zifikishe KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, siku hiyohiyo.