Tshisekedi, Kagame na kiti kitupu

Februari 8, 2025, Ikulu ya Dar es Salaam ilipokea marais kutoka pande mbili, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakaketi kikao kimoja. Waasi wa M23 walikuwa wameitwaa Goma, mji mkubwa wa mashariki mwa Kongo, chini ya wiki mbili kabla. Paul Kagame, rais wa Rwanda, alikuja. Félix Tshisekedi, rais wa Kongo, ambaye nchi yake ndiyo iliyokuwa inajadiliwa, alionekana kwenye skrini kutoka Kinshasa, na waziri mkuu wake, Judith Suminwa, ndiye aliyekaa ukumbini kwa niaba ya Kongo.

Tshisekedi alifanya vyema kutokuja? Wanaomlaumu wana hoja ya kusikilizwa. Hotuba za wazi katika mikutano ya kilele huwa zimeshaandikwa na maofisa kabla ndege ya rais haijatua. Kinachobadilika hubadilika faragha, pale marais wawili wanapobaki na msuluhishi mmoja bila wasaidizi wala kamera. Skrini haina korido. Anayeshiriki kwa video hutoa hotuba yake, husikiliza za wenzake, basi. Na tamko la Dar es Salaam lilikuwa na jambo ambalo Kinshasa ilikuwa ikilikataa kwa muda mrefu: mazungumzo ya moja kwa moja na wahusika wote, M23 wakiwemo. Kama kulikuwa na siku ya kupigania kila neno, ilikuwa siku hiyo.

Lakini jiweke kwenye nafasi yake. Goma ilikuwa bado inazika watu. Picha ya Tshisekedi akimpa Kagame mkono wiki ile ingemgharimu nyumbani kuliko tamko lolote. Rwanda inakana kuwasaidia M23, ila ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimesema askari wake wamepigana bega kwa bega na waasi hao, na Mkongo wa kawaida hana shaka na hilo. Hata wenyeji wa kanda hakuwaamini. Desemba 2023, muungano wa kisiasa na kijeshi wa mwanasiasa wa Kongo Corneille Nangaa, ambao M23 ndio nguvu yake, ulitangazwa Nairobi, na Kinshasa ikamwita nyumbani balozi wake. Mtu wa namna hiyo anapoalikwa na majirani huuliza kwanza mwaliko umeandikwa na nani.

Kiti kitupu, hata hivyo, si mbinu ya Kinshasa peke yake. Desemba 15, 2024, João Lourenço, rais wa Angola aliyekuwa msuluhishi, alikuwa amewaandalia wote wawili kikao Luanda. Kagame hakwenda, kwa kuwa Kigali ilitaka kwanza Kinshasa ikubali kuzungumza na M23. Kwa maoni yangu kosa hilo ni kubwa kuliko la Dar es Salaam. Wakati ule Goma ilikuwa bado haijaanguka na palikuwa na kitu cha kuokoa.

Kuna wanaosema safari hizi zote ni kuchoma fedha za wananchi, video inatosha. Kwa makongamano ya kawaida nakubaliana nao. Ila katika Maziwa Makuu gharama haijawahi kuwa nauli na posho tu: Aprili 6, 1994, Juvénal Habyarimana, rais wa Rwanda, na Cyprien Ntaryamira wa Burundi walikuwa wanarudi kutoka mkutano wa Dar es Salaam ndege yao ilipotunguliwa Kigali. Kiongozi wa huku anapopanda ndege kwenda kuongea amani, anaweka rehani zaidi ya bajeti.

Kisha ikaja Doha. Machi 18, 2025, wawili wale walioshindwa kukutana Luanda walikaa mbele ya Amiri wa Qatar na kutaka mapigano yasitishwe. Siku hiyohiyo ujumbe wa M23 ulitarajiwa Luanda kuzungumza na Kinshasa, lakini ulikuwa umejitoa siku moja kabla, baada ya Umoja wa Ulaya kuwawekea vikwazo viongozi wake. Siku chache baadaye Angola ikaachia usuluhishi.

Tumezoea kuambiwa kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na ni rahisi kuikasirikia Doha kwa sababu hiyo. Lakini tazama majirani wenyewe: Uganda ina askari Ituri, Burundi ina askari Kivu Kusini, na kikosi cha SADC kilikuwa na wanajeshi wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania. Kila mwenyeji wa karibu alikuwa na mguu mmoja ndani ya vita. Qatar ilikuwa na fedha na haikuwa na mpaka wa kugombania. Hapo safari ndefu iliwafaa kuliko fupi.

Ndiyo maana Washington inasumbua zaidi. Desemba 4, 2025, Kagame na Tshisekedi walitia saini mbele ya Donald Trump, kukamilisha mkataba ambao mawaziri wao wa mambo ya nje waliusaini Juni 27. Madini yalikuwa sehemu ya mpango huo, na mwenyeji hakuficha kwamba anayataka. M23 hawakuwa wahusika wa hati hiyo. Ndani ya wiki moja waliingia Uvira, mji unaotazamana na Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, na watu wakavuka mpaka kukimbilia Burundi. Baadaye walitangaza kuondoka, kwa ombi la Marekani walivyosema.

Burundi yenyewe ilishapitia hayo. Mkataba wa Arusha ulisainiwa Agosti 2000, Mandela akiwa msuluhishi na Bill Clinton akishuhudia, huku makundi ya waasi ya CNDD-FDD na FNL yakiwa nje. Vita viliendelea. CNDD-FDD waliafikiana na serikali Novemba 2003 tu, na FNL walisaini kusitisha mapigano Septemba 2006.

Kwa hiyo rais aende, hata Dar es Salaam, hata akiwa na hasira. Ila saini za Washington zisihesabiwe kuwa amani wakati wenye bunduki hawakuwa mezani. Kazi hiyo imebaki Doha, ambako wajumbe wa Kinshasa na wa M23 walisaini tamko la kanuni Julai 19, 2025, na mfumo wa makubaliano Novemba 15. Mambo magumu, ya nani atatawala maeneo yaliyotwaliwa na wapiganaji watapelekwa wapi, bado yanasubiri wajumbe hao, ambao hakuna anayewapokea kwa zulia jekundu.