Jina Lisiloandikwa Chini ya Kiti

Chukua kiti cha kulia chakula cha Uingereza, cha karne ya 18, ukipindue na kuchomoa kikalio chake. Kwenye fremu ya mahogani huenda ukakuta IIII au VII iliyokatwa kwa patasi, na pengine herufi mbili zilizogongwa kwa chuma. Mnunuzi mgeni moyo humdunda, akidhani amepata alama ya fundi mwenyewe. Pole yake: namba ni ya kurudishia kikalio kwenye kiti chake, na herufi aghalabu ni za kibarua, si za mwenye karakana.

Paris chama cha mafundi kiliwalazimisha wanachama kugonga majina yao. Uingereza sharti hilo halikuwepo, na Thomas Chippendale, fundi samani maarufu wa St Martin's Lane, London, hakuwa na desturi hiyo. Mwaka 1754 alitoa kitabu cha michoro, basi kila fundi aliyekipata akachonga egemeo kama lake. George Hepplewhite, fundi samani mwingine wa London, ndiye kioja kabisa. Alifariki 1786, mjane wake akachapisha michoro 1788, na hakuna kiti hata kimoja kinachojulikana kwa hakika kuwa ni kazi yake. Minadani jina lake halikauki.

Hata hivyo, wanaovipa viti majina ya mafundi hawabahatishi wote. Jumba la Dumfries House, Uskochi, lina samani za Chippendale za mwaka 1759 na ankara zake zipo; mwaka 2007 nyumba, ardhi na vyombo vilinunuliwa kwa pauni milioni 45, mnada uliokuwa umepangwa ukaahirishwa milele. Gillows, watengenezaji samani wa Lancaster, nao walifika mahali wakagonga jina lao, wakaacha na vitabu vyenye michoro na gharama za mbao na ufundi. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni pale jicho linapoachwa peke yake. Jicho lililozoea linaweza kusema viti viwili vimetoka karakana moja, kwa jinsi nakshi ilivyokatwa na ndimi za mbao zilivyoingia matunduni kwenye maungio. Jina haliwezi kulitoa bila karatasi, hasa jicho la mtu anayekula kamisheni. "London, takriban 1760" inanitosha.

Halafu kuna ule mchezo wa zamani wa wauzaji: viti sita halisi vinafunguliwa, vipande vyake vinagawanywa na kujazwa vipya, vinatoka vinane. Kimoja kina miguu ya mbele ya kale, kingine egemeo. Hapo tumpe nani jina?