Siku niliyobadilisha breki mbele ya mama mkwe

Aisee hii stori nimeikalia muda mrefu kwa aibu, ila mke wangu kashaanza kuisimulia kwa watu na anaongeza chumvi, bora niiseme mwenyewe.

Gari ilianza kulia. Mwanzo ilikuwa kale kamlio kembamba, kiiii, ukikanyaga breki taratibu. Mi nikajua ni vumbi tu. Dawa yake nikaongeza sauti ya redio. Kumbe kwenye breki pedi kuna kibati kidogo kimewekwa makusudi, pedi ikishalika sana kinagusa diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, ndo kinapiga kelele, bwana eeh huku tumeisha. Yani aliyetengeneza alijua kabisa kuna watu aina yangu akatuwekea kengele, na mimi nikaizidishia muziki.

Halafu taa ya breki ikawaka kwenye dashibodi. Nafungua boneti nakuta mafuta ya breki yameshuka, nikajaza mpaka juuu kabisa, taa ikazima, nikajipongeza. Nikachungulia na pedi kupitia matundu ya rimu, naona bado ipo ipo. Hayo mafuta yakumbukeni, yana kesi yake mbele.

Siku ya siku nimempakia mama mkwe, alikuja kututembelea, kakaa siti ya nyuma na mkoba wake mapajani. Kufika kona nakanyaga breki, ile kiiii imeshakuwa krrrrrr, chuma kwa chuma, unaisikia mpaka kwenye unyayo. Mama mkwe kimya kwanza, halafu kwa upole wake, "Baba, hii gari ina nini?"

"Ni breki tu mama, kesho nabadilisha mwenyewe."

Mwenyewe! Sijui hilo neno lilitokea wapi, maana mimi hata bomba la jikoni likivuja nakinga ndoo tu. Ila mbele ya mkwe mdomo unajiendesha.

Kesho yake nina pedi mpya seti nzima za mbele, nina jeki, nina spana, na nimeangalia video ambayo jamaa anamaliza kwa dakika 20 huku anatabasamu. Nikaanza saa kumi jioni. Nikapiga jeki kwanza, gari ikanyanyuka vizuri, ndo nikakumbuka nati za tairi sijalegeza, kila nikikaza mkono tairi linazunguka na mimi. Nikashusha, nikalegeza, nikapandisha tena, nikaweka stendi chini, mawe nyuma ya matairi ya nyuma. Mama mkwe kaleta kigoda kakaa pembeni. Hasemi kitu. Afadhali angesema.

Kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ilivyotoka ndo nikajua kwa nini kule kuchungulia kulinidanganya. Pedi ya nje bado ina kama milimita 3, ambapo ndo mafundi wanasema badilisha, mpya inakuwa na kama 10 au 12. Ya ndani sasa, ambayo ukiwa nje huioni, imebaki bati tupu. Diski imechorwa mistari kama sahani ya santuri. Diski ya hivyo inatakiwa ipelekwe kuchongwa au ununue nyingine, mi nikaipangusa kwa tambara nikasonga mbele.

Ikaja pistoni, ile inayosukuma pedi ukikanyaga breki, lazima uirudishe ndani ndo pedi mpya zienee sababu ni nene. Nikaikamata na klampu nakaza taratibuu, inarudi, raha iliyoje. Mara mama mkwe, "Baba, kuna kitu kinamwagika huku mbele." Unajua pedi zikilika pistoni inatoka nje zaidi na mafuta yanashuka kuifuata, ndo maana taa iliwaka, haikuwa imevuja popote. Sasa mi nilishajaza mpaka juu, pistoni inarudi mafuta yaende wapi? Yamefumuka kwenye kopo yametiririka mpaka kwenye ubavu wa gari, na mafuta ya breki yanakula rangi jamani, nimekuja kumwagia maji rangi imeshavimba kama ngozi iliyoungua. Mpaka leo hapo pana ramani.

Giza likaingia, mama mkwe akawasha tochi ya simu akanimulikia. Upande wa pili nao nikafunga hivyo hivyo, jasho linaingia machoni, nafunga kwa kupapasa. Saa mbili na nusu usiku nimemaliza, nikaona niisogeze gari kidogo nimuonyeshe mama kazi ya mikono yangu.

Nikatoa mawe, nikawasha, nikatia rivasi, uwanja wenyewe una kateremko. Nakanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini kama nimekanyaga sponji. Nikakanyaga tena huku nimeshapiga kelele. Ukishairudisha pistoni inatakiwa upampu breki mara kadhaa kabla gari haijasogea hata hatua moja, ili pistoni itoke iikute pedi. Jamaa wa kwenye video alilisema, mi nikaruka hapo kuokoa bando. Namshukuru Mungu hendibreki inashika matairi ya nyuma, niliivuta kwa mikono miwili gari ikasimama, ila imeshapita kwenye kamba ya nguo, kioo cha nyuma kimevaa shuka, na sidemira imening'iniza gauni la mama mkwe.

Nikapampu, pedali ikajaa. Tukaokota nguo kimya kimya.

Asubuhi naingia barabarani, krrrrrr. Vile vile! Tena zaidi. Nikaenda gereji kwa adabu, mama mkwe nyuma na mkoba wake. Fundi kafungua tairi la kushoto, kaangalia, kanyamaza, kawaita vijana wake wote waje waone. Pedi ya ndani nimeifunga kinyume, bati ndo linasaga diski, na ule upande wa kazi, mpyaaa, umetazama pistoni.

"Bosi, nani kakufungia hii?"

"Kuna fundi mmoja hivi."

"Usirudi tena kwake, atakuua huyo."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyetapeliwa. Mama mkwe kutoka kwenye benchi, kwa upole wake ule ule, "Atashindwa kurudi vipi baba, si ni yeye mwenyewe. Mimi ndo nilimshikia tochi."