Spirulina na maziwa: tupime kwa kiasi kinacholiwa

Kuna tangazo la spirulina, unga unaotokana na mwani mdogo wa majini, lililozunguka sana, kuanzia Facebook hadi makundi ya WhatsApp ya wauza virutubisho. Linadai kuwa unga huu wa kijani unayazidi maziwa kwa kalsiamu kwa asilimia 180, na kwamba kwa protini hakuna nyama wala yai la kuufikia. Mama mwenye mtoto asiyeongezeka uzito akilisoma, anaweza kuona hana sababu ya kuendelea kununua maziwa. Hilo linanisumbua, kwa sababu spirulina ni chakula cha maana kinachoharibiwa jina na madai ya namna hiyo, na maziwa nayo yana kasoro ambayo wapenzi wake hawaisemi vya kutosha.

Tuanze na takwimu. Majedwali ya lishe ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo hutumiwa na wataalamu wa lishe sehemu nyingi duniani, yanaonyesha kuwa gramu 100 za spirulina kavu zina protini gramu 57 hivi, kalsiamu miligramu 120 na madini ya chuma miligramu 28. Gramu 100 za maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta zina protini gramu 3.2, kalsiamu miligramu 113 na chuma kidogo mno, miligramu 0.03. Kwa protini, spirulina inashinda mara 18 hivi. Kwa kalsiamu, ile asilimia 180 haipo: viwango vinakaribiana.

Ila hata ushindi huo wa protini una jambo nyuma yake. Maziwa ni maji kwa asilimia 88, na spirulina imeshakaushwa. Ukitaka kulinganisha kwa haki, chukua maziwa ya unga. Gramu 100 zake zina protini gramu 26 na kalsiamu zaidi ya miligramu 900. Kikavu kwa kikavu, spirulina ina protini maradufu, na maziwa yana kalsiamu mara saba na zaidi.

Halafu kuna swali ambalo matangazo hayaligusi kabisa: nani anakula gramu 100 za spirulina? Fungua pakiti uinuse. Ina harufu ya maji ya ziwani na ya mwani uliokaushwa, na ukiuonja unga wake ulimi unabaki kijani. Kijiko cha chai kikijaa vizuri, ukikoroga kwenye uji wa mtoto, uji wote unageuka rangi na watoto wengi wanageuza uso. Kiasi ambacho watu hutumia kwa siku ni gramu 3 hadi 5, na wachache hufika 10. Gramu 5 ni sawa na vidonge 10 vya nusu gramu. Zinakupa protini gramu 3 kasoro kidogo, chuma miligramu 1.4 na kalsiamu miligramu 6. Glasi moja ya maziwa ya mililita 250 inakupa protini gramu 8 na kalsiamu miligramu 280 hivi. Ili spirulina ifikie kalsiamu ya glasi hiyo, ingebidi mtu ale karibu robo kilo kwa siku. Na anayemeza vidonge viwili asubuhi, kama baadhi ya wauzaji wanavyoelekeza, amepata gramu moja tu: protini nusu gramu na ushee, ambayo hata kipande cha mkate kinaizidi.

Ubora wa protini nao una hesabu yake. Spirulina haina ukuta mgumu wa selulosi kama ule wa mimea, kwa hiyo tumbo huimeng'enya vizuri, na asidi amino zote muhimu, yaani vipande vinavyojenga protini, zimo. Hata hivyo, ukiilinganisha na maziwa au mayai, ina upungufu wa lisini na wa zile zenye salfa, yaani methionini na sisteini. Lisini ndiyo hiyo hiyo inayopungua kwenye mahindi na mtama, vyakula vinavyojaza sahani zetu. Maziwa yanaziba pengo hilo vizuri zaidi.

Sasa upande wa pili, na hapa sitaki kuyapendelea maziwa. Lita nzima ya maziwa ina chuma miligramu 0.3 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama miligramu 7 kwa siku. Mtoto anayeshibishwa maziwa kutwa, akakosa hamu ya mboga, maharage na samaki, anaweza kuwa mnene mwenye mashavu huku damu yake ikipungua. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maziwa ya ng'ombe yanaweza kusababisha damu kuvuja kidogo kidogo kwenye utumbo. Ndiyo maana wataalamu wa watoto wanakataza kuyafanya kinywaji chake kikuu kabla ya kutimiza mwaka, na kabla ya miezi sita atosheke na ziwa la mama. Bado ziko nyumba nyingi ambako mtoto wa miezi mitatu anapewa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, kwa nia njema kabisa.

Kwenye chuma, basi, spirulina ina la kujivunia. Kijiko cha chai kilichojaa, cha gramu 5 hivi, kinampa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu kama sehemu ya tano ya mahitaji yake, jambo ambalo hakuna kiasi cha maziwa kinachoweza kulifanya. Ila usikikoroge kwenye maziwa wala kukisindikiza na chai, maana kalsiamu na tanini za majani ya chai hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Uji uliotiwa ukwaju au ndimu ni mahali pazuri zaidi. Na mjamzito asidanganywe akaacha vidonge vya kliniki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa siku wakati wa ujauzito, na gramu 10 za spirulina zinatoa tatu tu.

Vitamini B12 ndiyo inayonitia hofu zaidi. Pakiti nyingi huitaja kama sifa kubwa, na wanaovutiwa nayo ni watu wasiokula nyama wala maziwa, wakiwemo Waadventista Wasabato wengi wanaofuata lishe ya mboga. Sehemu kubwa ya kinachopimwa kama B12 ndani ya spirulina ni umbo lisilofanya kazi kwenye mwili wa binadamu. Glasi ya maziwa ina mikrogramu 1 hivi ya B12 halisi, karibu nusu ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Upungufu wake huharibu neva polepole, na mtu anayeamini kuwa ameshaipata kwenye kidonge cha kijani atachelewa kwenda kupima.

Wapo wanaosema Mwafrika mtu mzima hawezi maziwa kwa sababu ya sukari yake, laktosi, na hivyo spirulina ndiyo yetu. Ni kweli wengi hujaa gesi na kuharisha. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kuwa jamii nyingi za wafugaji zina mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba yanayowawezesha watu wazima kumeng'enya laktosi. Na wasioweza wana mtindi, au mursik kwa Wakalenjin, ambamo bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo.

Hata hivyo, si kweli kwamba spirulina ni kitu cha wageni. Pembezoni mwa Ziwa Chad, wanawake wa Kikanembu wameichota kwa vizazi, wakaikausha juu ya mchanga, wakaiuza sokoni kwa jina la dihé na kuipika kwenye mchuzi wa kulia ugali wa mtama. Kwetu iko kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama Nakuru, Bogoria na Natron, na ndiyo inayowalisha flamingo na kuwapa ule wekundu wao. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini tusiichote tu. Sababu ni kwamba ndani ya maji hayo hayo huota pia jamaa zake wenye sumu. Sumu za maikrosistini na anatoksini zimewahi kupatikana Nakuru na Bogoria, na watafiti wakazihusisha na vifo vya flamingo. Spirulina ya kuliwa lazima ioteshwe kwenye mabwawa yanayosimamiwa, kisha ipimwe sumu hizo pamoja na metali kama risasi. Maziwa ya ng'ombe nayo yana hatari zake. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe huuawa kwa kuchemsha, lakini sumukuvu iliyotoka kwenye pumba alizolishwa ng'ombe haiondoki jikoni. Tofauti ni kwamba kila mama anajua kuchemsha maziwa, na hakuna anayeweza kupima maikrosistini nyumbani.

Vipi kuhusu watoto wenye utapiamlo, ambao ndio hasa wanaotajwa kila spirulina inapopigiwa debe? Burkina Faso wamejaribu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 haukuona faida ya kuongeza spirulina kwenye chakula cha kawaida cha kuwarudishia watoto afya. Mwingine wa Ouagadougou, wa mwaka 2006, uliona watoto wakipona vizuri zaidi walipopewa spirulina pamoja na Misola, unga wa uwele, soya na karanga. Nikiyasoma haya pamoja, naona kuwa spirulina inasaidia pale penye chakula cha kutosha kuibeba. Peke yake ni kidogo mno. Kwa upande wa maziwa, matibabu ya utapiamlo mkali hospitalini huanza na F-75 na F-100, ambayo ni maziwa maalumu, na taarifa ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007 ilitaka angalau nusu ya protini ya chakula tiba cha pakiti wanachopewa watoto hao itokane na maziwa. Chuma, ambacho ndicho nguvu ya spirulina, hakitolewi siku za mwanzo za matibabu hayo, kwa kuwa huweza kuchochea maambukizi.

Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nyumba yenye mtoto wa namna hiyo na pesa ya kuchagua kimoja, mimi nasema nunua maziwa, na chuma ukitafute kwenye maharage, maini na dagaa, ambao wakiliwa na mifupa yao wanaleta na kalsiamu juu. Spirulina iliyopimwa ninaiona inafaa kwa asiyeweza maziwa lakini ana vyakula vingine, au kwa shule inayopika uji wa lishe na kutaka kuongeza chuma bila kubadilisha mapishi.

Na anayeiuza aseme kilichomo kwenye vidonge viwili anavyokuelekeza kumeza, si kwenye gramu 100. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, wanaweza kulidai hilo kwenye kila pakiti: kiasi cha siku, protini, chuma na kalsiamu vya kiasi hicho, tarehe ya kupimwa sumu, na marufuku ya kuitaja B12 kama haijathibitishwa kuwa ni ile inayofanya kazi.