Buhari, London na zahanati ya Ikulu

Tangu Muhammadu Buhari, rais wa zamani wa Nigeria, alipozikwa nyumbani kwake Daura mwezi Julai 2025, nimesoma tanzia nyingi zinazomwita mwadilifu, na kila nikilikuta neno hilo nashikwa na uchungu, kwa sababu wanaoziandika wanapita haraka mno pale alipofia. Alifia hospitalini London.

Tarehe 31 Desemba 1983, Brigedia Sani Abacha alipotangaza redioni kwamba jeshi limeiangusha serikali ya Shehu Shagari, sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba hospitali zimebaki mahali pa kumwona daktari tu, hazina dawa, maji wala vifaa. Aliyekabidhiwa nchi baada ya tangazo hilo ni Meja Jenerali Buhari. Katika miezi yake 20, askari waliwachapa viboko wasiopanga foleni vituo vya mabasi, watumishi waliochelewa kazini wakarushwa kichura, waandishi wawili wa habari wakafungwa kwa Amri Na. 4, iliyofanya kuwa jinai kuandika habari za kuwaaibisha viongozi, na watu watatu wakapigwa risasi kwa kosa la dawa za kulevya ambalo, walipolitenda, adhabu yake haikuwa kifo. Ukali huo wote haukuziponya hospitali.

Alirudi kwa kura mwaka 2015, safari hii akiwa na miaka minane mbele yake. Mwaka 2017 alikaa London kwa matibabu zaidi ya siku 100 mfululizo. Oktoba mwaka huohuo mkewe, Aisha, alisimama hadharani akaeleza kwamba alipougua aliuliza zahanati ya Ikulu, akajibiwa kuwa mashine ya eksirei ni mbovu; akalalamika kwamba majengo mapya yanajengwa wakati hata bomba la sindano halipatikani. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya Ikulu, zahanati ya kijijini ina nini? Agosti 2021 madaktari wa hospitali za umma waligoma wakidai malipo yao, na Rais alikuwa London, akipimwa afya.

Msomaji wa Tanzania ataniuliza kuhusu Mwalimu, ambaye naye alifia London mwaka 1999. Swali ni halali na linaniuma vilevile, lakini Mwalimu hakuingia Ikulu kwa mtutu wa bunduki uliotetewa kwa ubovu wa hospitali.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Buhari aliishi kwa kiasi, kwamba aliposhindwa uchaguzi wa 2003, 2007 na 2011 malalamiko yalipelekwa mahakamani badala ya kambini, na kwamba Mei 2023 aliondoka siku ambayo katiba ilimtaka aondoke. Hayo si madogo kwa mtu aliyewahi kutawala kwa amri.

Mwili wake ulirudishwa Katsina kwa ndege, ukapelekwa Daura, ambako umati ulijazana kumzika. Wengi waliosimama juani siku ile, wakiugua, hawana London ya kukimbilia.